Twende Kilioni

Shadia alisuka nywele kibarazani kwake Bigwa. Jumamosi moja aliinama kuokota kitana, kilemba kikamtoka, na mteja wake Filomena akaona utosi uliobaki ngozi inayong'aa. Filomena alisukwa hadi mwisho, akashukuru, na hakurudi tena. Wateja wengine nao wakahamia kwa msusi wa Mafiga, eti nani asukwe na mwanamke mwenye kipara. Mume wa Shadia, Stambuli, alikuwa na kipara tangu ujanani, na yeye walimwita bosi.

Daktari wa ngozi mjini alimweleza kwa upole. Upara huo ni wa kurithi, huwapata wanaume na wanawake. Apake dawa ya maji utosini kila siku, avumilie miezi kadhaa, wala asiache, maana akiacha, zilizoota zitaanguka.

Alipaka. Mwezi wa nne wa kupaka, nywele zikaota kwa Stambuli, ambaye hakuigusa dawa, nyeusi, zimejaa hadi kwenye paji. Utosi wa Shadia ulibaki vilevile. Alirudi kwa daktari, akaambiwa dawa inafanya kazi, aendelee.

Siku aliyotaka kuacha, Stambuli aliweka kikombe cha chai chini.

"Mama Hafidhi, usinifanyie hivyo. Zikianguka watu watanionaje?"

Walivyomwona mkewe, hilo hakuliuliza. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wifi zake wakawa wanapita kila asubuhi kumkumbusha Shadia dawa.

Nywele ziliporefuka, Stambuli alikaa kwenye kigoda cha wateja, ambacho kwa muda mrefu hakikuwa na mtu.

"Nisuke twende kilioni."

Ndiyo ile misuko ya haraka ya kurudi nyuma, ambayo wanawake husukana wakipata habari ya msiba. Shadia akaanza. Filomena alikuwa akipita, akasimama.

"Poleni jamani. Kafa nani?"

"Hakuna msiba, shemeji," Stambuli akasema. "Napendeza tu."

"Umependeza kweli."

Stambuli akagusa paji lake. "Usivute sana, Mama Hafidhi. Ukivuta hapa mbele zinang'oka."

Shadia akalegeza mkono, akamaliza. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima na saa ya dawa imefika, basi akavua kilemba, akafungua chupa, akapaka utosini. Filomena akatazama pembeni.