Maji Yakae Kwanza

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimesimama mbele ya punje ya kahawa yenye kimo changu. Imevaa kitenge cha msiba, na pindo la kitenge limefumuka.

Naanza na pindo kwa sababu ndilo nililoliona kwanza. Mimi ni fundi cherehani. Mtu akiniletea habari ya kifo, Mungu anisamehe, jicho langu huenda kwenye mshono kabla sikio halijasikia jina la marehemu.

"Wewe ndiye Gaudensia Hyera, mwenye blenda?" punje ikauliza.

"Ndiyo."

"Tumekuja kwa ajili ya wenzetu."

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anatafuta viatu. Nilikuwa jikoni kwetu hapa Mbinga, nimeinuka tu kutoka kwenye kigoda cha marehemu mama, blenda nimeipakata. Nilijua fika nimeitiwa nini.

Ili nisionekane mwendawazimu, hali ya nyumbani ni hii. Mama alifariki wakati mikahawa inachanua. Siku hiyo baba alikuwa amekwenda Songea kumtafutia dawa, gari likaharibika njiani, akarudi mama ameshafunikwa shuka. Tangu hapo akili ya baba imekuwa ikimtoka kidogo kidogo. Leo hakumbuki maziko. Hakumbuki dawa wala gari. Anachokumbuka ni kwamba alichelewa, na anaamini mama bado yuko jikoni.

Nikafunga kibanda changu cha cherehani kule Songea, nikarudi kumtunza. Kila asubuhi nampelekea kahawa, maana mama alimzoesha hivyo, ingawa majirani zetu wanaoilima karibu wote wanakunywa chai. Nikimwamkia haitikii. Anaonja, anakunja uso, anakiweka kikombe chini. Halafu anageukia mlango wa jikoni na kusema taratibu, "Mama Gaude, bado umenikasirikia? Nisamehe basi. Nilichelewa."

Kisha hagusi chakula mpaka jioni. Siku hizi hata jioni hagusi. Suruali zake nimezipunguza kiunoni, nikazipunguza tena, sasa hakuna tena pa kukunjia. Naogopa. Baba yangu anajiua kwa njaa kwa sababu ya ladha ya kikombe ninachokipika mimi.

Nimebadilisha buni. Nimeongeza sukari. Nimempigia simu shangazi. Kahawa imebaki vile vile: chungu ya kuungua, na ndani ya uchungu kuna uchachu, vyote viwili kwa mpigo, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Mama alikuwa akiipika kabla hatujaamka, na hakutaka mtu jikoni mwake. Hakunifundisha, nami nilidhani kahawa ni kahawa.

Turudi ndotoni.

Punje inafungua mlango wa jikoni, na nje hakuna uwanja wala banda la kuku. Kuna wodi. Vitanda vimepangwa pande zote mbili, na muuguzi wa zamu ni chekeche lililovaa kofia nyeupe.

"Usipumue kwa nguvu," chekeche linaniambia. "Hawa wa kushoto ni wepesi."

Vitanda vya kushoto vina vumbi. Ni vumbi la kahawia, laini kama poda, limefunikwa blanketi hadi kidevuni. Vitanda vya kulia vina mapande makubwa ya punje, yamekaa wima, yamekunja mikono, wala hayana jeraha.

"Wote hawa wametoka kwenye blenda yako, siku moja, kwa mzunguko mmoja," chekeche likasema. "Hawa umewasaga mpaka wamesahau walikuwa nini. Hawa hukuwagusa."

"Si kahawa ile ile?"

Wodi nzima ikanigeukia. Blanketi moja likaanguka.

"Ndani ya kila punje kuna maneno," likasema chekeche, kwa subira ya mtu aliyezoea ndugu wa wagonjwa. "Kwanza hutoka maneno ya uchachu. Yanafuata matamu. Mwisho kabisa machungu. Maji ndiyo yanayouliza. Hebu wasalimie uone."

Nikaliinamia vumbi. "Mmeamkaje?"

"Tulichomwa!" vumbi likapiga kelele kabla sijafunga mdomo. "Tulichomwa, kikaango kilikuwa cheusi, moshi, moshi, mwisho wetu ulikuwa mbaya!"

Nikarudi nyuma. Nikaligeukia pande moja la kulia. "Na wewe je?"

"Ndimu," likasema, likatazama ukutani.

"Kuna jingine?"

"Hakuna."

"Hicho ndicho unachompa baba yako," chekeche likasema. "Mmoja anasema yote kabla hajaulizwa, mwingine hafiki hata nusu, na wewe unawamimina kikombe kimoja. Haya, kalale pale."

Lilinionyesha kitanda cha katikati. Hakikuwa kitanda. Kilikuwa kinu cha mama.

Nikalala. Kugeuka ubavu, nimo chini kabisa ya kinu, mdogo, katikati ya punje zilizokaangwa, zinanukia vizuri na zimejaa woga. Mchi unashuka. Haunipondi kama nilivyotarajia. Unashuka, unatulia, unapanda. Tunavunjika taratibu. Mimi navunjika kwenye kiwiko, kisha kwenye nyonga, na hakuna maumivu, ni kama mtu ananifungua vifungo.

Mwanzoni kila punje ililia kwa sauti yake. Baadaye sauti zikaanza kufanana, mpaka ikawa moja tu, ya sukari ya kahawia inayomiminwa kwenye bakuli. Hapo mchi ukasimama.

Juu ya ukingo wa kinu ukatokea uso wa mama. Ulijaza mbingu yote. Kichwani alikuwa amefunga kile kitambaa cha manjano nilichomshonea mwenyewe, na nikaona kwamba pindo langu bado limeshika. Akaingiza mkono, akachukua kidogo kwa vidole viwili, nami nimo, akatusugua kwa kidole gumba.

"Mama," nikasema.

"Huyu bado," mama akasema, akanirudisha kinuni.

Mimi ni mtu mzima, nimezaa na nimezika. Sijapata kusikia neno likaniuma na kunifurahisha kwa pamoja kama lile. Niliogopa asije akaondoka. Lakini mchi ulishuka tena, safari hii kidogo tu, vidole vikarudi, vikanisugua, na mama akasema, "Haya, wanatosha," kwa sauti aliyokuwa akiitumia na kuku wake.

Akatupepeta kwenye ungo. Waliobaki wakubwa akawarudisha kinuni. Vumbi akalipuliza likaenda zake. Sisi wengine akatumimina.

Tunaangukia uwanjani kwetu, na uwanjani kuna msiba. Turubai limefungwa. Punje zimekaa kwenye mabenchi, zote kimo kimoja, hakuna inayomziba mwenzake. Mimi nimerudi kuwa mtu, na nimepewa kazi ya kupokea wageni. Mbele, mahali pa padri, kimesimama kigoda cha mama.

Mgeni ni mmoja, maji. Yanakuja yakikimbia, koti refu limefunguka vifungo vyote, mvuke unatoka kwenye kola, na kelele zimeanza kusikika tangu kwa jirani.

"Nipisheni! Nimeshachemka! Nipisheni!"

"Maji, kaa kwanza," kigoda kikasema.

"Nina haraka!"

"Kaa. Hapa haingii mtu na hasira zake. Utawauliza vibaya, nao watakujibu vibaya."

Maji yakakaa. Kigoda kililia chwaa chini yake lakini hakikusogea. Nikasikia harufu ya ubao unaoungua, nikakumbuka ile alama nyeusi ya duara iliyo juu ya kigoda tangu nikiwa mdogo. Siku zote tuliambiana ni kibatari kiliwekwa vibaya.

"Kibatari!" kikasema kigoda, kwa uchungu wa aliyesingiziwa miaka. "Mama yako alikuwa akiitua sufuria hapa kila asubuhi ikitoka motoni. Ninyi mmelala."

"Yakae mpaka lini?"

"Yaamkie. Yakiweza kuitikia, yako tayari."

Nikapiga goti kidogo, kwa adabu. "Shikamoo, maji."

Maji yakatokota tu, yakanirushia matone. Nikangoja. Mvuke ukapungua kwenye kola.

"Shikamoo, maji."

Yakatikisa kichwa, hayakuweza kusema. Nikangoja tena, macho yangu kwenye vifungo vya lile koti, nawaza ni uzi gani ungefaa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," maji yakasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Poleni na msiba."

Basi yakaingia katikati ya mabenchi, yakainama, yakaanza kuuliza punje moja baada ya nyingine: mlimjuaje marehemu?

Kwanza yakatoka ya uchachu. Kwamba mama alikuwa mgomvi. Kwamba aliwahi kumnunia baba siku nyingi kwa ajili ya shati lililochanika. Benchi la mbele likacheka kidogo. Halafu yakaanza matamu. Kwamba alikuwa akimwamsha baba kwa kumgusa kisigino. Kwamba alionja kahawa kabla ya kumpelekea, na isipokuwa sawa aliinywa mwenyewe akampikia nyingine. Kwamba siku ile ya mwisho, sauti ikiwa imebaki kidogo, aliuliza jambo moja tu: "Longino kala?"

Longino ni baba. Sikuwapo siku ile, nilikuwa Songea, na hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Nililia ndotoni kwa namna ambayo sikulia makaburini.

"Endeleeni," nikasema.

"Yatoe maji," kigoda kikasema.

"Kidogo tu."

"Gaude, yatoe."

Sikutaka. Aliyefiwa na mama atanielewa. Watu walikuwa wakimtaja mama yangu kwa utamu, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwanyamazisha. Nikasimama pale pale, nikiyaacha maji yaulize.

"Alikuwa akitazama mlango," ikasema punje moja ya benchi la nyuma. Sauti yake haikuwa na hasira. "Tangu asubuhi alitazama mlango, na mlango ule..."

Nikajua maneno yanaelekea wapi. Nikayashika maji mkono wa koti, nikayavuta kwa nguvu zangu zote, mshono wa bega ukachanika, yakatoka nje pamoja nami yakiwa ya kahawia, yanang'aa. Nyuma yetu punje zote zikalala chini, kimya.

"Ni kweli?" nikakiuliza kigoda. "Habari za mlango?"

"Ni kweli. Zimo na hazitoki. Ziache chini na mashapo. Baba yako hana haja ya kuzinywa kila asubuhi, anazijua."

Nikaamka nimeshika pindo la shuka.

Kulikuwa kunapambazuka. Nikaenda jikoni pekupeku. Jiko la gesi lilikuwa la baridi. Sufuria ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake, kavu. Kigoda kilikuwa karibu na mlango, mahali ambapo sikukiacha, na juu ya ile alama nyeusi kulikuwa na duara la maji. Nikaligusa kwa kidole. Lilikuwa la uvuguvugu.

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Nikaiweka blenda chini ya meza, nikatoka uwanjani, nikamwondoa kuku aliyekuwa amelala juu ya kinu. Nikakiosha kinu, nikakikausha. Nikatwanga punje, mchi unashuka, unatulia, unapanda, mpaka nikaisikia ile sukari. Nikasugua kwa vidole, nikasema "bado", nikatwanga tena kidogo. Nikapepeta. Wakubwa nikawarudisha, vumbi nikalipuliza dirishani.

Maji yalipochemka nikaitua sufuria kwenye kigoda. Nilitazama kama kuna mtu ananiona, halafu nikapiga goti.

"Shikamoo, maji."

Yalitokota. Nikangoja. Nikayaamkia tena, nikangoja. Mara ya tatu nilisema kwa sauti kidogo.

"Marahaba," ikaitika sauti ya baba kutoka chumbani.

 Nikainuka, nikamimina maji juu ya kahawa, nikafunika. Harufu ilipokuwa nzuri hata nikatamani iendelee, hapo hapo nikaimimina taratibu, nikayaacha mashapo.

Baba alikuwa ameshakaa mezani. Akaonja. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Hakukunja uso. Akaonja tena, kwa kitambo, macho amefumba. Kisha akageukia mlango wa jikoni kama anavyofanya kila siku.

Hakuomba msamaha. Alitega sikio, kama mtu anayeitwa akiwa shambani, akatikisa kichwa kukubali.

"Anauliza kama nimekula," akaniambia.

Ndoto ile sikuwa nimemsimulia mtu. 

"Nimjibu nini, baba?"

"Mwambie bado." Akavuta kiti karibu na meza. "Mwambie ndiyo naanza."