Wapangaji wa Marehemu Darmaji

Majina yalipoanza kusomwa kwenye kipaza sauti, Wiji alikuwa amechuchumaa kando ya uwanja akifunga kamba za viatu. Wenzake watano walikuwa tayari: Rumini muuza supu, aliyemwachia mumewe mkokoteni; Lastri mwalimu wa chekechea; na wengine watatu waliofundishwa mpira wa wavu na mtu mmoja tu, baba yake Wiji, Mzee Darmaji, kwenye uwanja huu huu wa udongo nyuma ya ofisi ya kijiji cha Tegalsirih. Mzee alikuwa na siku hamsini kaburini. Katika dua ya siku ya saba mkuu wa kijiji alisimama akatangaza kwamba mashindano ya Agosti mwaka huu yataitwa Kombe la Darmaji. Siku ile Wiji alilia kwa shukrani.

"Timu ya nyumbani, Tegalsirih!" mtangazaji alinguruma. "Namba moja, Meliana! Namba mbili, Friska! Hawa si wachezaji, jamani, hii ni minara ya simu!"

Watu wakacheka. Kutoka kwenye gari dogo lililoegeshwa kando ya ofisi wakashuka wanawake sita warefu, soksi hadi magotini, wamevaa jezi za Tegalsirih. Wiji alizijua jezi zile. Yeye na Lastri ndio waliozishonea namba.

"Yule wa mbele akiingia jikoni kwangu anatoboa paa," Rumini akasema. Kisha akaacha kutabasamu. "Wiji, sisi je?"

Wiji alikwenda moja kwa moja hadi kwenye turubai walikokaa wageni. Mkuu wa kijiji, Mzee Ngadimin, alikuwa anajipepea kwa kofia yake.

"Mkuu, hawa ni akina nani?"

"Ah, Dada Wiji! Kaa, unywe chai. Ninyi ni akiba. Tukiongoza vizuri mtaingia."

"Tuliofika fainali ni sisi, Mkuu. Na kanuni inataka mchezaji awe mkazi."

"Ni wakazi. Barua zote za ukaazi ziko mezani kwa refa. Usiwe na wasiwasi, mwanangu."

Kanuni ile aliiandika Mzee Darmaji kwa mkono wake, mwaka ambao wasichana wanane waliacha kuja mazoezini. Vijiji vyote jirani vilikuwa vikikodi wachezaji wa mjini kila Agosti, na wenyeji walibaki kubeba maji. Yeye alisema kijiji kikishinda kwa mikono ya watu wengine, hakuna aliyeshinda. Wakamcheka, lakini wakaipitisha.

Refa, Mzee Tukiran, alitoka kijiji cha mbali na hakuwa na ndugu upande wowote. Alimsogezea Wiji barua sita. Zilikuwa na mihuri, zimesainiwa. Wiji alisoma ya kwanza, akarudia mstari wa anwani. Mtaa wa nne, nyumba namba kumi na moja. Akachukua ya pili. Namba kumi na moja. Zote sita.

Ilikuwa nyumba yake. Vyumba viwili, kimoja chenye kitanda cha baba ambacho hadi leo hakuwa amethubutu kukitandua.

Uhusiano na mwenye nyumba: mtoto wa kulea. Tarehe ya kuhamia: tatu Julai.

Tarehe tatu Julai ndiyo siku walipomwosha mzee na kumzika. Wiji aliuelewa mchezo wote palepale. Kanuni ilitaka mwezi mzima wa ukaazi. Karani wa kijiji alihitaji tarehe ya nyuma kidogo, na aliyoikuta kwenye faili la nyumba ile ni ya siku marehemu alipofutwa kwenye orodha ya wakazi. Akamtoa mmoja, akaingiza sita. Labda alikuwa anakunywa kahawa wakati huo.

"Mwenye nyumba sasa ni wewe," Mzee Tukiran alisema. "Nakuuliza mara moja tu. Wanakaa kwako? Ukisema ndiyo, napuliza filimbi. Ukisema hapana, nawafuta."

Mkuu alikuwa ameshafika, anahema. "Wiji, mwanangu, watu mia tano wamekuja kuona kijiji cha baba yako kinashinda. Kombe lina jina lake. Unataka wapinzani wetu wa Karangmbako walichukue?"

"Anzeni, jua linatuchoma!" mtu akapiga kelele. "Wiji, acha wivu!"

Wiji akamgeukia yule namba moja. "Dada, hujambo? Choo changu kiko upande gani wa nyumba?"

Msichana akamgeukia mwenzake namba mbili.

"Kisima je? Maana tangu Julai unaoga wapi?"

"Samahani, dada," msichana akasema polepole. "Sisi tuliambiwa tuje tucheze tu."

"Hawakai kwangu," Wiji akamwambia refa, kwa sauti ya kufika hadi kwenye turubai. "Siku hiyo iliyoandikwa nilikuwa namzika baba yangu. Mkuu alikuwepo. Alibeba jeneza, Mzee Tukiran. Upande wa kulia."

Mzee Ngadimin akavaa kofia yake, akaanza kurudi kwenye turubai.

Wakacheza Wiji na wenzake watano. Nusu ya watu waliondoka kabla ya seti ya kwanza kwisha, na waliobaki walizomea. "Kauza mechi huyo! Muulizeni kalipwa na nani!" Seti ya kwanza walipoteza ishirini na tano kwa kumi na moja. Ishirini na tano kwa kumi na nne. Katika seti ya tatu Wiji alimwinulia Rumini mipira minne mfululizo, na Rumini akaishindilia yote chini hadi vumbi likaruka, akitukana kila mara. Haikutosha.

Mkuu alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo Wiji ndiye aliyepewa kombe alikabidhi. Kapteni wa Karangmbako, mwanamke mnene mcheshi, alilishika masikio yote mawili, akamwinamia.

"Pole kwa msiba wa baba, dada. Ila ungenyamaza tu ungetuokoa na jua lote hili. Kwani hawa wachezaji wangu watatu wa mjini unadhani wanakaa wapi? Wameandikishwa nyumbani kwa imamu wetu." Akacheka. "Imamu mwenyewe hajui."

Jina la baba lilikuwa limechongwa pale kwenye bati, kati ya mikono yao minne.

"Mzee Tukiran!" Wiji akaita. "Rudi mezani. Na mtu akamlete imamu wa Karangmbako."

"Aa, dada, natania bwana, achia," kapteni akasema, akivuta.

Mpiga picha akawaambia wasogeleane kidogo, watabasamu. Wiji hakutabasamu, wala hakuachia.