Waya wa Paa la Vittus

Mchana ule hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti, na ndiyo maana Hendrine hakuupenda. Milima ilionekana karibu mno, mbwa wa mji mzima walikuwa kimya, na redio ilishatangaza kwamba piteraq, ile dhoruba ya upepo, ingeshuka kutoka kwenye barafu ya bara kabla ya jioni. Shule ilifungwa mapema, watoto wakarudishwa kwao, na Hendrine, mpishi wao, akarudi kwake. Aliingiza ndani sleji ya kukokotwa na mbwa, akafunga mapipa ya mafuta kwa kamba, akachukua spana na kwenda kukaza nyaya za paa lake.

Misumari peke yake haitoshi mbele ya upepo ule. Piteraq hailikandamizi paa, hulinyonya kwenda juu kama mtu anayefunua sufuria aone kilichomo. Kwa hiyo kila paa lina nyaya nene za chuma zilizopita juu yake na kufungwa kwenye vyuma vilivyozamishwa ndani ya mwamba, huku na huku.

Kila paa isipokuwa la jirani yake Vittus, ambalo lilikuwa limefungwa upande mmoja tu.

Vittus alikuwa kaka wa marehemu mumewe. Chuma cha waya wake wa pili kilikuwa uani kwa Hendrine, na msimu wa baridi uliopita Hendrine alijikwaa kwenye waya huo chini ya theluji akavunjika mkono. Kwa maumivu yale alimtukana, akamwambia auondoe uchafu wake. Vittus aliufungua waya siku hiyo hiyo, akauviringa na kuutundika ukutani. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za mlangoni pa kanisa, na fupi.

Sasa Vittus alikuwa nje anazoa theluji kwa koleo, akijifanya hamwoni.

"Vittus! Redio yako imekufa?"

"Nimesikia."

"Na waya?"

"Mwamba ni wako, shemeji. Niliambiwa nisiukanyage."

"Mwamba wangu mimi? Niliununua dukani? Lete huo waya, mzee, kabla paa lako halijaja kunilalia kitandani!"

"Lingekuwa na bahati kuliko mwenye paa," alisema Vittus, kisha akashtushwa na mdomo wake, akageuka kutazama milima.

Hendrine aliuma mdomo asicheke. Alivuka ua, akauteremsha waya ukutani mwenyewe. Vittus akaacha koleo, akapanda ngazi, wakaupitisha mgongoni mwa paa wakibishana njia nzima. Kutoka juu, Vittus alimwambia Hendrine anavuta kama anayekanda mkate. Kutoka chini, Hendrine akamjibu kwamba mkate wake angalau hufika mezani.

Skrubu ya kukazia ilikuwa imekamatwa na kutu. Vittus aliipiga, akaibembeleza, akaitukania wazazi. Hendrine alikimbia jikoni akarudi na mafuta ya sili kwenye kikombe, akaimwagia yote. Ikalia, ikazunguka. Wakashika spana pamoja, mikono minne, na waya ukaanza kunyooka.

Hapo ndipo mbwa wote walipolia kwa pamoja. Juu ya kilele cha mlima theluji ilisimama kama moshi.

"Ndani!" alipiga kelele Vittus.

Upepo wa kwanza ulimwangusha chali. Kwake kulikuwa upande wa upepo, hakukufikika tena. Hendrine alimshika kola ya koti, wakatambaa hadi mlangoni kwa Hendrine, na ikawabidi wausukume mlango kwa migongo ndipo ufungike.

Nyumba ilitetemeka mpaka asubuhi. Kenchi zililia, nyaya ziliimba sauti nyembamba, theluji laini kama unga ikapenya kwenye ufa wa dari na kudondoka mezani. Walikula supu ya sili, wakanywa kahawa. Kila mara paa lilipoguna, wote wawili walitazama juu.

"Ulipovunjika mkono," Vittus alisema wakati mmoja, akiangalia kikombe, "nilitaka kuja. Niliogopa ulimi wako."

"Ungekuja tu. Ningekutukana, kisha ningekupa kahawa."

"Ningejuaje hiyo sehemu ya pili?"

Hendrine alimjazia kikombe. Tangu mumewe afe hapakuwa na mtu aliyebishana naye jikoni mle, na alishangaa alivyokuwa na hamu ya ubishi.

Karibu na alfajiri kitu kilipasuka nje kwa kishindo. Vittus akafumba macho. "Hilo ni langu," alisema.

Kulipokucha walitoka wakishikana mikono kwa sababu ya utelezi. Paa la Vittus lilikuwa pale pale. Lililokuwa limeondoka ni la banda la nyama la Hendrine, na waliliona mbali kule chini kwenye uwanja wa mpira, limekaa golini.

Vittus alijitahidi. Alikohoa, akajifuta pua, kisha kicheko kikamshinda akakaa chini kwenye theluji. Hendrine alimpiga na glovu kichwani, naye akakaa kando yake, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kabla ya adhuhuri Vittus alikuwa juu ya banda na nyundo, akidai mbao za banda lile zililazwa na kipofu, na Hendrine chini ya ngazi, mdomo umejaa misumari, akishindwa kumjibu.