Pale Nyayo Zinapopotelea

Ndala zilipita sebuleni gizani, chwa, chwa, chwa, zikaelekea kwenye ndoo ya maji. Umeme ulikuwa umekatika jua lilipozama tu, na Mokami alikuwa jikoni akisonga ugali wa muhogo na mtama. Akasikia kikombe cha plastiki kikigonga ukingo wa ndoo, kisha mtu akinywa. Akageuza shingo. Binti yake Elieth, mwenye miaka sita, alikuwa palepale kwenye mkeka kando ya mafiga, miguu imenyooka kama mama yake alivyoilaza mchana. Elieth akaeleza kwamba miguu yake ilikuwa na kiu. Mokami akaendelea kusonga, kwa sababu ugali wa aina ile ukiuacha kidogo tu unashika madonge.

Nyayo za Elieth zilikuwa zimeanza kutembea bila Elieth tangu waliporudi kutoka hospitali Mwanza, mwanzoni mwa vuli. Mchana zilitulia. Jioni zilivaa ndala zikatoka. Bibi Agustina, mwenye nyumba, alizizoea kabla ya wote. Alichotaka yeye ni zifundishwe kurudisha mlango, maana kuku walikuwa wanaingia.

Agustina alikuwa bibi kwa Elieth na mume kwa Mokami. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na marehemu mumewe alipomwachia ng'ombe, alifanya kama walivyofanya wanawake wengine wa Kikurya kabla yake: akatoa mahari, akamwoa Mokami kutoka Morotonga, ili nyumba ipate watoto na moto usizimike. Walielewana. Ni Agustina aliyebaki na Elieth na mdogo wake Heche ili Mokami aende masomo ya jioni mjini Tarime. Watu waliposengenya, aliwajibu kwamba mume mwenye akili haogopi mke anayejua kusoma.

Ugonjwa wenyewe ulianza na homa iliyopita kijijini kama mgeni mwenye haraka: macho mekundu, viungo vinauma, ikampata Elieth pia, halafu ikaondoka. Nyuma yake ikaja chanjo shuleni, Elieth akachomwa pamoja na wenzake. Wote wakarudi kucheza, na yeye pia. Kisha asubuhi moja akasema kuna sisimizi wanatembea ndani ya nyayo zake, na jioni akaanguka mlangoni bila kujikwaa.

Mokami alimpeleka zahanati. Mganga mfawidhi wa pale, jina lake Ombeni, alimtazama mtoto kutoka mlangoni, akasema huo ni uvivu wa shule, apewe panadol. Mara ya pili alisema watoto wanaokua huumwa miguu. Mara ya tatu Mokami alikwenda amembeba mgongoni, na Ombeni akasema warudi Jumatatu. Jumatatu ilikuwa mbali. Sauti ya mtoto ilikuwa imeanza kukauka na pumzi imekuwa fupi. Agustina akasimama katikati ya barabara, akasimamisha lori la vitunguu lililotoka Sirari, wakaenda nalo hadi Mwanza.

Huko mashine ilimpumulia Elieth mpaka kifua chake kilipokumbuka kazi yake. Daktari alimweleza Mokami kwamba mwili una askari. Hilo Mokami alilijua kutoka darasa la jioni. Asilolijua ni kwamba askari hao wanaweza kukosea. Daktari akasema ni kama vijana waliowafukuza wezi wa ng'ombe gizani: wamewashinda, damu bado inachemka, wakarudi wakaingia zizi la nyumbani wakaanza kuwapiga ndama wao wenyewe. Ndama hao ni mishipa ya fahamu. Mara nyingi kinachowaamsha askari hivyo ni homa, au kuhara. Mara chache sana ni sindano. Kwa Elieth hakuweza kusema ni kipi, kwa sababu hakuna aliyempima mapema. Alisema pia kwamba watoto wengi hutembea tena, polepole.

Kijijini hawakuwa na subira na polepole. Tata Machage, yaani baba Machage kwa Kikurya, mdogo wa marehemu mume wa Agustina, aliitisha iritongo, baraza la wazee. Hoja yake ilikuwa fupi. Sindano imemharibu mtoto wa nyumba ya kaka yake, na aliyemruhusu mtoto achomwe ni Mokami. Basi Mokami arudishwe kwao, ng'ombe warudi zizini, watoto wabaki, kwa kuwa watoto ni wa nyumba. Mokami aliposikia habari hiyo alimwogesha Elieth, akampaka mafuta miguuni, kidole kwa kidole, kama mtu anayekariri.

Siku ya baraza mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wazee walikaa karibu na zizi, kila mmoja na kigoda chake. Machage alizungumza, wakatikisa vichwa kukubali. Agustina akasimama. Machage akamwambia akae chini, hapa wanazungumza wanaume.

"Mimi ndiye mume wa nyumba hii," alisema Agustina.

"Mume gani anavaa kanga?"

"Yule aliyetoa ng'ombe."

Wazee wawili wakacheka, na kwa kuwa walikwisha kucheka ikawabidi wasikilize. Agustina akasema kwamba mke wake ana neno, na yeye kama mume amempa ruhusa.

Mokami akapiga magoti, akawaamkia shikamoo wote. Akauliza, ng'ombe wakiibiwa hapa kwetu wazee hufanya nini? Mmoja akamjibu kwamba hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Nyayo zinafuatwa, na pale zinapopotelea, watu wa pale ndio wanaojibu.

"Basi tata zangu," alisema Mokami, "mimi nimeibiwa miguu ya mtoto. Nyayo zake zile pale."

Wazee wakainama. Kwenye tope la langoni kulikuwa na alama za ndala ndogo, na kando yake alama za raba za mtu mzima, ingawa raba za Mokami zilikuwa zimeanikwa jikoni juu ya mafiga tangu jana. Machage akapima unyayo kwa ncha ya fimbo, akasema ni za alfajiri hii. Hakuna aliyebisha. Kwenye mambo ya nyayo Machage hakuwahi kukosea. Aliwahi kumfuata fahali mmoja hadi ng'ambo ya mpaka, Isebania, akamkuta anatafuna mahindi ya watu. Aliziangalia zile alama kwa muda mrefu. Alionekana angependa kesi iendelee pale pale kwenye vigoda, lakini sheria ilikuwa yake pia.

"Twende," akasema.

Wakaenda, wazee na fimbo zao mmoja nyuma ya mwingine, Mokami akiwa amembeba Elieth, Agustina na Heche nyuma kabisa. Njia ilipita katikati ya mihogo. Machage alitangulia akisoma ardhi kwa sauti, kama kawaida yake. Akasema mtoto huyu amepita hapa mara tatu. Mara ya kwanza anatembea sawa, ila anachoka. Mara ya pili mguu wa kushoto unaburuta kidole. Walipofika kwenye safari ya tatu alichuchumaa. Hapo ndala hazikuwepo. Kulikuwa na raba peke yake, zimezama sana kisiginoni, kama za mtu aliyebeba mzigo anaoogopa kuuangusha.

Njia zote tatu zilifika zahanati. Ombeni alikuwa nje na ufagio mkononi. Kila asubuhi tangu vuli ianze alikuta nyayo mbele ya mlango wake, na kila asubuhi alizifagia, kwa sababu zahanati inatakiwa kuwa safi. Nyayo zilikwenda hadi pale alipofagia, zikapotea, kisha zikatokea upande wa pili zikirudi nyumbani.

Mzee mmoja akauliza kwa nini hazikwenda shuleni, kwenye sindano.

"Kama ni homa au ni sindano, tata, sijui, na daktari pia hakujua," alisema Mokami. "Ninachokijua ni mlango tuliorudishwa."

Machage akaegemea fimbo yake. Akamwambia Ombeni kwamba nyayo zimepotelea kwake. Ombeni akajibu kwamba yeye si mtu wa ng'ombe, kwamba zahanati ni mali ya serikali, na serikali haikualikwa kwenye baraza. Kisha akamwangalia Elieth mgongoni kwa mama yake, akasema kama bado anaumwa aletwe Jumatatu. Akamalizia kufagia kile kipande kilichobaki.

Hakuna mwenye zahanati aliyejibu siku ile, wala baada ya siku ile. Lakini kesi ya Mokami ilikwisha, maana iritongo haliwezi kumdai mtu kitu ambacho nyayo zake zimekipeleka kwa mwingine. Agustina akapiga kigelegele. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya zahanati wakakipokea, bila kujua bado ni cha nini, na kikasikika hadi mashambani, majembe yakasimama. Wakati wa kurudi Machage alimchukua Elieth akampandisha mabegani bila kuambiwa na mtu. Akamwonya asimvue kofia. Elieth akaivaa yeye mpaka nyumbani, na Machage akala ugali kwa Mokami, akaongezewa mara mbili.

Mwezi uliofuata Mokami alimpeleka Heche kwenye chanjo ya surua. Agustina alimuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa, lakini surua anaiogopa zaidi. Heche alilia kidogo akapewa ziwa. Nyuma yao kulikuwa na mama mmoja kutoka machimboni, ambaye mwanawe alikuwa hawezi kusimama tangu juzi. Ombeni alimtazama mtoto kutoka mlangoni, akataja panadol. Mokami hakugombana naye. Alimshika yule mama mkono, wakatoka hadi barabarani, akasimama katikati kama alivyofundishwa na mumewe, na lori la kwanza likasimama. Siku hizi madereva wa Sirari wanamfahamu, wengine hupunguza mwendo wakimwona tu.

Jioni hiyo umeme ulikatika tena. Agustina alikuwa anatafuta kibiriti. Elieth alikuwa ameketishwa kwenye kochi la sebuleni, mito miwili ubavuni. Ndala zikaingia kutoka nje, chwa, chwa, chwa. Mlango ukarudishwa nyuma yake, kwa mara ya kwanza. Zilipita ndoo ya maji bila kusimama, zikaja hadi chini ya kochi, zikatulia. Mokami alisikia zikivuliwa, moja, halafu ya pili. Kisha akasikia nyama laini ikigusa saruji.

Kibiriti kiliwaka mkononi mwa Agustina, na Elieth alikuwa anatazama vidole vyake, ambavyo vilikuwa vinajikunja.

"Mama, sakafu ni ya baridi."