Bi Saumu wa Kwenye Kompyuta

Mwaka wa tisini na nane chuo chetu cha uuguzi kilipata kompyuta nne. Kilikuwa chuo kidogo cha wahisani, kimejengwa nyuma ya zahanati yao kwenye barabara ya Msambweni, na sisi wanafunzi tulikuwa kumi na wanane. Kompyuta zenyewe zilikuwa zimechakaa kwa kutumika katika hoteli moja ya Galu, na mbili kati yake zilizimika zenyewe kila jua lilipokuwa kali. Mwalimu Timothy hakujali. Alikuwa na jambo lake.

Asubuhi alikuwa daktari wa zahanati, mchana alitufundisha somo la kuzungumza na mgonjwa. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye haraka, na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kiingereza mpaka alipokaa kwetu miaka mitatu kikanyooka. Alituambia kwamba sote tunajua kupima presha na kufunga kidonda, lakini hakuna hata mmoja wetu anayejua kumwambia mtu habari mbaya, na kwamba jambo hilo halifundishiki kwa chaki. Kwa hiyo akamtafuta Claire, msichana wa Nairobi aliyesomea kompyuta, wakakaa miezi minne wakitengeneza mchezo.

Ulikuwa hivi. Kwenye kioo anatokea mwanamke aliyechorwa, amejitanda leso, ameketi mbele yako. Anaitwa Bi Saumu. Amekuja kuchukua majibu ya damu, na majibu yanasema ana virusi vya ukimwi. Chini ya picha yake yameandikwa maneno ya namna tatu, nawe unachagua utakayomwambia kwa kubonyeza mausi. Ukichagua vizuri, uso wake unalegea, anakueleza zaidi, unapata alama. Ukichagua vibaya, anainuka na kuondoka, nawe unaanza upya.

Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili hatukucheka. Gilbert, aliyekuwa na tabia ya kuwakemea wagonjwa kwenye foleni, alimfanya Bi Saumu aondoke mara tano. Mara ya sita aliweka mausi chini, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akachagua. Wiki ileile nilimwona akimtafutia bibi mmoja kiti na kumwamkia shikamoo kabla ya kumwuliza anaumwa wapi. Siwezi kusema kwamba mchezo ule haukufaa kitu. Ulifaa.

Mimi ndiye niliyefika mwisho wa mchezo kabla ya wenzangu, na huko mwisho ndiko Bi Saumu anakosimulia maisha yake. Alisema yeye ni mpishi wa kaa kwenye mkahawa wa watalii kisiwani. Alisema mumewe alikuwa akiwapeleka wageni kupiga mbizi, naye amefariki. Alisema ana watoto mapacha na mmoja wao ni kiziwi. Kisha akauliza: "Yule asiyesikia akiingiwa na mchanga machoni, mimi huutoa kwa ulimi. Je, bado naweza kumlamba macho mwanangu?"

 Mimi ni mzaliwa wa Mkwiro, kijiji cha kisiwani. Mkwiro nzima ilikuwa na mpishi mmoja wa kaa mwenye mapacha, na pacha mmoja kiziwi. Jina lake Mwanapili, nyumba yake ya tatu kutoka kwetu. Ndiye aliyenisuka nywele siku niliyokuja chuoni.

Sikumwambia mwalimu. Nilijiambia kwamba huenda ni mtu mwingine, nami nilijua si mtu mwingine.

Ijumaa nikaenda nyumbani. Jioni Mwanapili alituletea sahani ya mahamri, kama kawaida yake, akaketi barazani na mama, akaniuliza masomo. Nilimjibu vizuri. Nilikuwa nimefundishwa kujibu vizuri. Lakini alipotukaribisha tule, mkono wangu haukwenda. Mama aliniona. Mwanapili alipotoka tu, akaniuliza, "Warda, una nini na mwenzio?"

"Sina kitu."

"Umemtazama kama aliyekanyaga waya."

Mama alisema vile kama wasemavyo watu juu ya mwenye ukimwi, bila kufikiri. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu. Alinishika mkono, akaniapisha niseme. Nikasema. Nami nikamwapisha asimwambie mtu, naye akaapa kwa jina la Mungu, tukamwaga mahamri yote nyuma ya nyumba.

Mama alimwambia mtu mmoja tu, dada yake. Dada yake naye alimwambia mmoja tu.

Haukupita mwezi. Alfani, mwenye mkahawa, alimwita Mwanapili akamwambia apumzike kidogo, wageni wamepungua. Wageni hawakuwa wamepungua. Kisimani wanawake walianza kumngoja amalize ndipo wateke, kwa adabu, bila neno baya. Kisha shemeji zake wakaja kutoka Shimoni. Walisema wamekuja kumsaidia mjane wa ndugu yao. Wakamchukua Issa, pacha anayesikia, eti wakamsomeshe. Salimu, yule kiziwi, wakamwacha.

Mwanapili hakuwa mjinga. Umbea uliomrudia ulikuwa na hata swali lake la kulamba macho, na swali lile maishani mwake alikuwa amemwuliza mtu mmoja tu, naye ni daktari. Sijui nani alimpa habari kwamba kuna mchezo. Labda mmoja wetu, labda mfagiaji wa chuo.

Alikuja siku ya Jumatano, saa nane mchana, tukiwa darasani. Alikuwa amevaa buibui, amemshika Salimu mkono. Alipiga hodi, akaamkia darasa zima, akangoja kuitikiwa. Mwalimu Timothy alidhani ameugua.

"Karibu, mama. Ungenisubiri zahanati, nakuja sasa hivi."

"Sikuja kutibiwa," Mwanapili alisema. "Nimekuja kujiona."

Mwalimu alielewa mara moja. Uso wake ulibadilika rangi. Alimwambia kwamba ile ni kazi ya masomo, kwamba jina si lake, kwamba hakuna mtu aliyekusudia ubaya. Mwanapili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye kompyuta iliyokuwa wazi na kumpakata mwanawe.

"Niwashie."

Claire, aliyekuwa amekuja siku ile kurekebisha kompyuta, ndiye aliyemwashia. Bi Saumu akatokea na leso yake. Mwanapili alimtazama muda mrefu. Alikuwa amesoma hadi darasa la tano, na mchezo ulikuwa kwa Kiswahili, kwa hiyo alisoma mwenyewe, polepole, kwa sauti, kidole kikifuata maneno kwenye kioo.

"La kwanza. Bi Saumu, keti tuzungumze, nimefunga mlango, hakuna atakayetusikia. La pili. Majibu yako yametoka, ungependa nikueleze peke yako au uje na mtu wako?" Akateremsha kidole. "La tatu. Umepatikana navyo, na mumeo bila shaka ndivyo vilivyomuua. Nenda, mwite anayefuata."

 Sote tulilijua jibu la tatu. Ndilo tulilolicheka siku ya kwanza, kwa sababu tulidhani hakuna mganga anayeweza kusema hivyo.

Mwanapili akamgeukia mwalimu. "Hili la tatu ndilo uliloniambia. Mlango ulikuwa wazi, na watu kwenye benchi."

Mwalimu Timothy hakukana. "Ndiyo," alisema.

"Na hili la kwanza ulilitoa wapi?"

"Nililiandika baadaye, mama. Nilirudi nyumbani siku ile nikashindwa kula. Niliandika yale niliyopaswa kukwambia."

"Ukawaambia hawa."

 Mwanapili alishika mausi, akahangaika nayo kidogo, akabonyeza jibu la kwanza. Uso wa Bi Saumu ukalegea, na maneno yakatokea: Ahsante, daktari, Mungu akulipe. Mwanapili aliyasoma na hayo mpaka mwisho.

"Umenishukurisha," akasema. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Nani katika hawa ni wa kwetu Mkwiro?"

Alijua fika kwamba nasoma pale; alitaka mwalimu aseme. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma, nyuma ya Gilbert. Nikainamisha kichwa. Mwalimu alijua nitokako. Aliyatazama madawati yote bila kunitazama mimi, akasema, "Siwezi kukutajia, mama. Hiyo ni siri ya wanafunzi."

Mwanapili alicheka kicheko kifupi, kikakatika. Alimnyanyua Salimu, akatuaga sote kwa heshima, akatoka. Aliponipita hakusimama. Mpaka leo sijui kama aliniona.

Jioni ile mwalimu aliniita ofisini. Nilidhani atanifukuza. Alikuwa amekaa na karatasi za mchezo, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakuniuliza kama ni mimi. Aliniambia kwamba angeufuta mchezo wote, lakini nakala zilishapelekwa Nairobi kwa wahisani, nao wameupenda. Kwa hiyo atabadilisha. Alifanya kazi hiyo pamoja na Claire. Mapacha wakawa binti mmoja, mpishi akawa fundi cherehani, mkahawa ukawa duka. Swali la kulamba macho wakalitoa. Yote yaliwachukua mchana mmoja.

Mwanapili alihamia Vanga kwa mjomba wake, akafariki huko mwaka uliofuata, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Mama ndiye aliyeniletea habari, akilia. "Mimi nilimwambia mmoja tu," alisema, na mimi sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilimwambia mmoja tu. Tulikwenda kuhani. Tuliketi mkekani na wanawake walewale wa kisimani, tukala ubwabwa wa msiba. Salimu alikuwa uani akicheza peke yake na vifuniko vya chupa. Sikuwa na namna ya kumwambia kitu.

Nilifaulu mtihani wa mwisho. Katika somo la kuzungumza na mgonjwa nilikuwa wa kwanza, na chuo kikaniajiri niwasimamie wanafunzi wapya kwenye mchezo. Somo la kwanza huwa ni kutunza siri, nami hulifundisha vizuri. Mwaka huu msichana mmoja wa Matuga alibaki darasani wenzake walipotoka, kompyuta ikiwa bado inawaka. Akaniuliza kama huyu Bi Saumu alipata kuwa mtu wa kweli.

Nikamwambia hapana, ni mchoro tu.