Kifungo cha Mbao kwenye Picha ya Mlango

Siku tano za wiki alikuwa anatengeneza milango, ya sita anaipiga picha. Wenzake wa karakana walimcheka mpaka wakachoka. Mtu anashinda na milango toka Jumatatu, vumbi la mbao limemjaa puani, halafu Jumamosi, siku ya kupumzisha mgongo, anatundika kamera shingoni na kwenda kutafuta milango mingine. Wakamwita Hodi. Jina likamganda, naye hakulikataa.

Hakuwa mpiga picha wa harusi wala wa pasipoti. Alipenda tu milango ya zamani: bawaba zilizoliwa na kutu, rangi tatu zikichungulia moja chini ya nyingine, kitasa kilicholainishwa na mikono ya watu waliokwisha kuhama. Picha tano nzuri zaidi alizisafisha kwa ukubwa wa trei ya chai akazitundika sebuleni.

Kamera yenyewe ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikaliwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, miaka miwili nyuma. Kamera nyeusi juu ya kochi jeupe, mtu mzima akaja akaikalia kama mto, ikalia kwachu. "Sikuiona, shemeji," ndiyo yalikuwa maneno yake yote. Hodi alimwambia mkewe siku ileile kwamba yule bwana akikanyaga tena nyumba hii, yeye anatoka. Hakukanyaga tena.

Picha ya sita, ya mlango wa buluu, ndiyo iliyomwondolea usingizi. Aliichukua Jumanne kwa msafisha picha, akaiegemeza kwenye birika, akakaa kuitazama. Mlango ulitoka vizuri. Lakini pembeni kabisa, upande wa kulia, palionekana geti la kijani la nyumba ya pili, na watu wawili wanatoka. Mwanamke kaipa kamera mgongo. Mwanamume mwembamba, kofia imemfunika uso, kamshika yule mwanamke mkono juu kidogo ya kiwiko, ushikaji wa mtu aliyezoea. Na mkoba wa mwanamke ulikuwa na kifungo cha mbao.

Kifungo hicho Hodi alikichonga mwenyewe kwa ajili ya mkoba wa mkewe, kwa umbo la jani, na jani lilikuwa na pengo kwa sababu patasi iliteleza. Akaenda kuleta miwani. Pengo lilikuwepo.

Akachukua kamera, akaitafuta picha yenyewe, akabonyeza kile kitufe cha maelezo ambacho hakuwahi kukihitaji. Chini ya picha ikatokea tarehe, Jumamosi ya wiki mbili nyuma, na saa: 08:40. Hodi anaijua saa ya simu, hakuhitaji kufundishwa. Saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Saa hiyo mkewe huwa kiwandani anashona sare. Na siku hizi Jumamosi anasema wana kazi ya ziada mpaka saa tisa mchana.

Jioni mkewe alikuwa anakunja nguo.

"Jumamosi ile nyingine uliingia kazini saa ngapi?"

"Saa moja. Kwani kuna Jumamosi naingia saa ngapi?"

"Na hukutoka katikati?"

"Nitoke niende wapi, na msimamizi yule anahesabu mpaka pumzi?" Mkewe akacheka. "Umeanza lini upolisi, fundi?"

"Nauliza tu."

Akaona anakunja nguo haraka kuliko kawaida. Tangu hapo hakuna kitu kilichompita. Mke akijipaka mafuta, anampakia nani? Simu ikiita naye akaenda kuipokelea uani, anaficha nini? Asipokwenda uani, basi ameshituka kwamba anatazamwa.

Jumatano alipitia kwenye geti la kiwanda. Mlinzi alijibu bila kufikiri: "Mama yule? Jumamosi zote anaingia saa moja kasoro, hachelewi." Hodi aliona amejibu upesi mno. Naye wamempanga.

Alhamisi akaipeleka picha kwa dada yake mkubwa, mwanamke ambaye ukimwomba ushauri mmoja anakupa mitatu na kuja kukagua kama umeifuata. Dada aliishika picha mbali na macho, kisha karibu.

"Picha haina ugomvi na mtu, mdogo wangu. Imesema ilichokiona. Jumamosi saa kumi na moja jioni nakuja na baba mdogo. Aulizwe mbele ya watu. Akishindwa kujibu, arudi kwao."

Hodi hakuwa amefika huko. Alitaka mtu wa kumwambia kwamba ule ni mgongo wa mwanamke mwingine. Lakini akasema, "Sawa, dada," na ndoa ya miaka ishirini na sita ikapangiwa siku na saa, kama mlango wa mteja.

Jumamosi mkewe alipoondoka, yeye akaondoka nyuma yake. Hakumfuata. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtaa wa mlango wa buluu, akafika kabla ya saa mbili u nusu, akasimama karibu na fundi viatu aliyekaa upande wa pili wa njia. Saa mbili na dakika arobaini ikafika. Ikapita. Geti la kijani halikucheza.

"Unatafuta nini, bwana?" fundi viatu akamuuliza.

"Napiga picha."

"Picha ya nini?"

"Mlango. Ule wa buluu."

Fundi viatu akautazama mlango, akamtazama yeye. "Nimekaa hapa miaka kumi na moja, sijauona uzuri wake. Wewe ni mtu wa kubomoa nyumba?"

"Hapana."

"Maana walianza hivyohivyo mtaa wa pili. Walianza na picha."

Ili aaminike, Hodi akavua kiatu cha kulia akampa ashone soli, akakaa kwenye benchi na soksi yake. Kisha, kwa kuwa bado macho ya yule bwana yalikuwa juu yake, akaupiga picha mlango kweli. Akaitazama picha kwenye kioo cha kamera na hakuipenda. Mlango ulikuwa umepoa, uko kivulini wote. Kwenye ile ya kwanza, aliyokuja nayo ndani ya bahasha, buluu ilikuwa inawaka, jua limeupiga kuanzia kizingiti mpaka juu.

Akageuka. Jua lilikuwa nyuma ya nyumba ile. Asubuhi haliwezi kuufikia mlango ule hata ukiliomba.

Akabonyeza kitufe cha maelezo. 03:05.

"Saa ngapi sasa hivi?" akamuuliza fundi viatu.

"Saa tatu na dakika tano."

"Sawa," akasema Hodi, maana kamera ilisema vilevile. Halafu akaitoa simu mfukoni. Simu ilisema 09:05.

Akakumbuka siku aliyoinunua kamera ile. Yuko sebuleni, kamera inamtaka aweke saa, mkewe yuko jikoni. Akapaza sauti, "Mama, saa ngapi?" Mkewe akajibu, "Saa nane na robo." Naye akaweka nane, akaweka kumi na tano, akabonyeza. Kamera ilikuwa inasema Kiswahili muda wote, na aliyeifundisha ni yeye.

Basi 08:40 ilikuwa saa nane na dakika arobaini mchana. Mlinzi wa watu hakusema uongo. Hodi akaona aibu kidogo kwa ajili ya mlinzi, lakini haikukaa. Saa nane mchana mwanamke si alisema yuko kwenye kazi ya ziada? Mkono juu ya kiwiko uko palepale.

"Kiatu tayari," akasema fundi viatu.

"Shona tena."

"Nishone nini tena?"

"Shona na cha kushoto ukimaliza."

Jua likapanda, likavuka paa. Fundi viatu akala, akampa maji, akamhesabu kuwa ni mgonjwa. Saa nane u nusu mlango wa buluu ukaanza kuwaka, na mkewe akatokea kwenye kona na mkoba begani. Hakupiga hodi. Alitoa ufunguo, akafungua geti la kijani, akaingia kama anaingia kwake.

Ufunguo. Hilo Hodi hakuwa amejiandaa nalo. Alikaa na soksi mbili juu ya vumbi, kiatu kimoja kiko mikononi mwa fundi na kingine mapajani, akawaza kwamba dada yake angekuja saa kumi na moja na angekuta mambo yamekwisha.

Geti likafunguka. Mkewe mbele, mwanamume nyuma na kofia yake, mkono umeshika palepale. Hodi akavaa kile cha mapajani, akavuka njia na kiatu kimoja mguuni.

Mkewe alimwona, akasimama. Yule mwanamume akasimama kwa sababu yeye kasimama.

"Kuna nini?" akauliza mwanamume. "Nani huyo?"

Hodi alikuwa hatua tatu mbele ya uso wake. Na sauti ile aliijua.

"Ni mimi, shemeji."

Shemeji akageuza kichwa, akakosea kidogo, akaongea na ukuta. "Aa. Shemeji. Habari za siku?"

"Nzuri. Hunioni?"

"Nakuona kama moshi. Miaka mitatu sasa. Nilikuwa naona aibu kusema."

Miaka mitatu. Hodi akapiga hesabu, ikaja mpaka kwenye kochi jeupe. Sikuiona, shemeji.

"Mtoto wa jicho," mkewe akasema. "Yote mawili. La kulia wamelipasua mwezi uliopita, na kila Jumamosi mchana namfuata hapa alipohamia, nampeleka kliniki. Hakuna kazi ya ziada. Ulisema akikanyaga nyumbani wewe unatoka, nikaona nisikutoe." Akamtazama miguuni. "Na wewe unafanya nini hapa na kiatu kimoja?"

Hodi akatoa picha kwenye bahasha akampa. Mkewe aliitazama kwa muda, akagusa kile kifungo kwenye karatasi kwa kidole.

"Ndiyo maana ya maswali."

"Ndiyo."

"Nani mwingine ameiona?"

"Dada. Anakuja saa kumi na moja, na baba mdogo. Kukusikiliza."

Mkewe alikunja picha katikati ya mlango wa buluu, akaitia mkobani, akafunga kifungo. "Miaka ishirini na sita," akasema, "na uso wangu hukuuliza. Umeuliza mgongo." Kisha akamshika kaka yake. "Kliniki inafungwa. Mshike upande ule."

Akamshika. Nyuma yao fundi viatu akaita, "Bwana! Cha kushoto!"

Saa kumi na moja kasoro walikuwa nyumbani wote watatu. Shemeji, plasta jichoni, alilipapasa kochi kwa kiganja kutoka pembe hii mpaka ile.

"Leo hakuna kamera?"

"Hakuna," akasema Hodi. "Iko kabatini. Kaa."

Akakaa. Mkewe alivuta kiti akakiweka katikati ya sebule, peke yake, kikitazamana na vingine.

"Hicho chako?" Hodi akauliza, bila kumwangalia.

"Changu kwa nini? Mimi nimekuja kusikiliza. Chako."

Nje viatu vikasugua kwenye ngazi, viwili vya baba mdogo na viwili vya dada ambavyo havijawahi kuchelewa.

"Hodi!" dada akaita.

"Unaitwa," akasema shemeji.

Hodi akainuka kwenda kufungua.