Karibu ya Tatu

Sutarmi aliposhuka basi katika mji ule wa mpakani, nchini Kambodia, jua lilikuwa limeshapanda, na jambo la kwanza alilotambua ni kwamba hapa hajui hata kusoma. Maandishi ya madukani yalijikunja na kujiviringa kama mabaki ya nyuzi sakafuni kwa fundi cherehani. Naye alikuwa fundi cherehani, mwaka wa kumi na tatu sasa akiwashonea mabibi harusi wa Wonosari, kule Java, na hakuwahi kulala ugenini peke yake. Watu walimsemesha, akatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Wakamsemesha tena, akaitikia tena. Ndivyo walivyolelewa kwao: usimwoneshe mtu kwamba hujamwelewa, utamtia aibu. Adabu nzuri hiyo, lakini ugenini inaweza kukuuza mchana kweupe.

Alikuja kumchukua mdogo wake. Wiwik, msichana wa miaka ishirini na miwili, aliondoka nyumbani mwaka uliopita kuja kufanya kazi ya mapokezi hotelini, kazi aliyotafutiwa na mtu anayemjua mtandaoni tu. Miezi ya mwanzo alituma sauti kila jioni, kelele tupu, akimwita dada yake Cherehani na kumcheka kwa kutoolewa. Kisha sauti zikakatika, yakaja maandishi. Dada mpendwa, mimi ni mzima, simu yangu imeharibika sauti. Dada mpendwa, huku jikoni kuna nafasi, njoo. Njoo peke yako. Wiwik hajamwita mtu mpendwa tangu azaliwe. Sutarmi aliyasoma maneno hayo kwa miezi minne. Alipopeleka habari kunakohusika aliambiwa msichana mwenyewe anaandika kwamba ni mzima, sasa atafutwe kwa lipi. Basi akafunga duka, akakata tiketi yake ya kwenda na kurudi, na ya Wiwik ya kurudi.

Mama yao, Bu Kasiyem, hakulia alipomsindikiza. Alimpa mfuko wa tempe za kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa anavyovipenda Wiwik, akamwambia, "Ukifika nipigie. Unieleze mlivyokaribishwa."

Kwao hilo si swali dogo. Mgeni akiwekewa kinywaji hakigusi mpaka akaribishwe, na karibu moja haitoshi. Ya kwanza anapewa hata mpita njia, na kila mtu anajua si ya kuitikia. Ya pili ni ya kukupima. Ikija ya tatu, hapo wenye nyumba wamekutaka kweli. Anayekukaribisha mara mbili akanyamaza amekuomba uage, bila kukuvunjia heshima. Sutarmi alilishika hilo kuliko watoto wote wa mtaani. Wiwik hakulishika kabisa. Walipokuwa wadogo, wakipelekwa kwa watu, Sutarmi alikaa mikono magotini, koo limekauka, akisubiri karibu yake ya tatu. Wiwik akimaliza glasi yake alinyoosha mkono, akanywa na ya dada yake. Mama alimfinya mapaja njia nzima ya kurudi, na hakukoma.

Mwenye bajaji aliyempata stendi alikuwa mwanamume mnene aliyejifunga kitambaa cha mirabaraba kichwani. Sutarmi alimwonesha karatasi ya anwani. Yule bwana akaisoma, akaacha kutafuna. Alimtazama viatu, akautazama mfuko wake, kisha akasema maneno mengi polepole huku akipunga mkono mbele ya uso. Sutarmi akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Bwana akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Sutarmi akaitikia tena, kwa heshima zote. Laiti angetikisa kichwa hata mara moja. Yule bwana akashusha pumzi, akawasha bajaji.

Njiani alihesabu kona, kwa kuwa fundi huhesabu kila kitu, na kila kona aliweka alama kwa chaki ya kukatia nguo kwenye mkanda wa mfuko. Kushoto penye daraja, kulia penye duka la matairi, kisha barabara ya vumbi isiyo na watu. Nyumba ilikuwa ya ghorofa tatu, ukuta mrefu, seng'enge juu yake. Kibao cha hoteli hakikuwapo. Madirisha yote yalikuwa na nondo, hata ya juu kabisa, na nguo zilianikwa kwa ndani ya nondo. Sutarmi aliziona nguo zile, akajiambia labda ni kwa ajili ya wezi.

Alipotaka kulipa, mwenye bajaji alikataa. Alizima injini, akaonesha ardhi kwa kidole, akakunja mikono, kama anayesema atangoja hapo. Sutarmi aliuacha mfuko juu ya kiti, na pasipoti ikiwa ndani yake. Kwao huingii kwa watu na mzigo mkononi kabla hujaambiwa ulale, utaonekana umejileta.

Mlinzi alifungua geti, akalifunga nyuma yake. Sebuleni kulikuwa na sofa la ngozi, feni, na mama mmoja mwenye bangili nyingi aliyemsemesha kwa lugha yake bila kuinuka. Kando yake alikuwa mwanamume wa makamo, na huyo akasema kwa Kiindonesia safi, "Karibu sana, dada. Mimi naitwa Rusli. Pole na safari."

Baada ya siku mbili za kutoelewa neno, Sutarmi aliona machozi yanamlenga kwa furaha. Mtu wa kwao! Si Mjava, lafudhi yake ilikuwa ya kisiwa kingine, lakini wa kwao. Rusli alimuuliza amekuja na nani, nani anajua amefika, na pasipoti iko wapi. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgeni habari za mvua. Hapo ndipo furaha ilipoanza kumtoka. Akajibu kwamba pasipoti iko kwenye mfuko nje, na kwamba yeye amekuja kumwona Wiwik tu.

"Anakuja. Anakutengenezea chai," Rusli alisema.

Wiwik aliingia na sinia. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo imechomoza, na mkono wa kushoto aliuficha ndani ya shati la mikono mirefu, joto lote lile. Sutarmi aliinuka, akamwita kwa Kijava.

"Kiindonesia, jamani," Rusli alisema akicheka. "Ili na sisi tusikie."

Wiwik aliweka mezani glasi ya chai ya barafu. Ilikuwa moja tu. Hakumkumbatia dada yake wala hakumtazama. Alipiga magoti kando ya meza kama mtumishi, akatulia.

Sutarmi alikuwa na kiu ya tangu alfajiri. Aliitazama glasi inavyotoka jasho, mikono yake ikabaki magotini. Mama wa bangili alimwambia Rusli kitu. Rusli akasema, "Mbona hunywi?" Sutarmi akatabasamu. Hilo lilikuwa swali, halikuwa karibu.

"Mwambie dada yako anywe," Rusli alimwambia Wiwik.

"Karibu, dada," Wiwik alisema.

Sutarmi alisubiri. Feni ilizunguka. Kutoka juu ghorofani zilisikika sauti nyingi zikizungumza kwa pamoja, za watu waliokuwa kwenye simu, na mlango mmoja mzito ukafungwa. Rusli alimtazama Wiwik, tabasamu limekwisha.

"Karibu, dada," Wiwik alisema tena, na safari hii aliinua macho.

Yalikuwa makavu na mekundu, nayo yalimng'ang'ania dada yake bila kupepesa. Kisha akafunga mdomo. Sutarmi alihesabu moyoni, moja, mbili, akangoja, na kile alichokingoja maisha yake yote katika nyumba za watu hakikuja. Wiwik, ambaye hakuwahi kujali karibu ya mtu, leo alikuwa amezihesabu. Alikuja kumtoa mdogo wake humu, na mdogo wake ndiye anayemtoa yeye.

"Nikalete kwanza mfuko," alisema, na sauti yake ilitoka nzuri kuliko alivyotarajia. "Pasipoti imo humo, na mama amenipa tempe. Twende wote, Wiwik, unisaidie kubeba."

"Wiwik ana kazi," Rusli alisema. "Kunywa kwanza, barafu inayeyuka."

"Tutoke mara moja tu, Wiwik."

"Nimesema ana kazi."

"Twende, mdogo wangu," Sutarmi alisema mara ya tatu, na akajua anamkaribisha nyumbani.

Wiwik alicheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile cha zamani, cha kuudhi watu wazima. "Huyu hamumjui," alimwambia Rusli. "Atakaa hapo mpaka kesho mkimbembeleza." Akanyoosha mkono, akaichukua glasi, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, koo likipanda na kushuka, mpaka barafu ikagonga meno.

Mama wa bangili alifoka. Rusli aliinuka nusu, akajizuia, akamtazama Sutarmi kuona kama ameona kitu. Sutarmi alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Safari hii, adabu ile ilimfaa.

"Mtoto hana malezi," Rusli alisema. "Nitakuletea nyingine. Kalete hiyo pasipoti."

"Kauchukue mwenyewe mfuko wako, Cherehani," Wiwik alisema. "Usimsumbue mtu."

Mlangoni Sutarmi aligeuka. Wiwik alikuwa ameinuka, ameegemea ukuta, miguu ikimteleza polepole kwa kilichotiwa kwenye chai, glasi tupu bado mkononi, na tabasamu halijamtoka. Dada yake alikivuka kile kizingiti, na hatua ile ilimuuma kuliko uchungu wowote aliowahi kuujua. Alipita ua bila kukimbia. Mlinzi akafungua geti. Mwenye bajaji alimwona uso tu, akawasha kabla hajakaa.

Nyuma yao palipigwa kelele, kisha vumbi likafunika kila kitu. Sutarmi alitoa pasipoti, akamgusa yule bwana bega, akagonga kwa kidole nembo ya nchi yake iliyo juu ya jalada, apelekwe kwa watu wa ubalozi. Akaonesha nyumba walikotoka, akaonesha chaki kwenye mkanda, kona moja baada ya nyingine. Bwana akaitikia kwa kichwa. Hakuwa akiitikia kwa adabu. Alikuwa ameelewa, na pengine alielewa tangu stendi.

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Umefika? Wamewakaribisha vizuri?"

Sutarmi aliibana simu sikioni.

"Mara mbili, mama."

Alimsikia mama yake akivuta kiti, akikaa.

"Na mdogo wako?"

"Ameinywa ya kwangu."